Herufi Nne za Ukoo

Harufu ya mafuta ya cherehani ikikutana na karatasi ya gazeti, mimi sina ujanja, nageuka mtoto wa miaka kumi na moja papo hapo. Juzi nilikuwa naitia mafuta cherehani yangu, nikachukua kipande cha gazeti kuukuu cha kufutia. Nyie mnaoshona mnajua: gazeti likinywa mafuta linakuwa jepesi kama bawa la kumbikumbi, na ukurasa wa nyuma unajitokeza mbele. Basi kwenye uso wa mheshimiwa mmoja aliyekuwa akikata utepe vikatokea vyumba vyeusi na vyeupe vya chemshabongo, vimemjaa mashavuni kama ndui. Kazi ikasimama. Mteja wangu alikuja kuchukua gauni la harusi akanikuta nahangaika na jina la mto lenye herufi sita, na gauni bado halina mkono mmoja.

Ngoja niwaeleze ugonjwa huu niliupata wapi.

Baba yangu, Fundi Seif, alishonea barazani kwa Bwana Kanti, muuza vitambaa, mjini Morogoro. Walikuwa mafundi wawili pale: yeye, na Fundi Mrisho, ambaye alishona suruali za wanaume na kuwashonea watu maneno. Kila asubuhi Bwana Kanti alinunua gazeti, akasoma habari za bei na za misiba, na ilipogonga saa nne alilitoa mlangoni likiwa limekunjwa kwenye ukurasa wa chemshabongo. Sharti lilikuwa moja tu: lirudi kabla duka halijafungwa, na liwe limejazwa. Gazeti lililofuata ndilo lililokuwa na majibu, na wakikosea aliwacheka wiki nzima, kwa utaratibu, kama mtu anayekunywa dawa.

Baba alijaza kwa wino. Penseli aliiita kalamu ya mwoga. "Kitambaa kikishakatwa hakisikii samahani," alikuwa akisema, na aliiweka ile kalamu sikioni, sambamba na chaki ya kupimia, hata siku nyingine aliwaandikia wateja risiti kwa chaki. Kazi yangu, nikitoka shule na siku za Jumamosi, ilikuwa kukaa juu ya robota la vitambaa na kusoma maswali. Nilisoma kwa sauti ambayo, bila kutia chumvi, ilisikika mpaka Mzumbe. Kalamu sikuruhusiwa kuigusa.

Sasa, kwa wasiotujua sisi Waluguru, lazima niseme jambo hapa. Ukoo, au lukolo kama tunavyouita, tunauchukua kwa mama. Baba anakuzaa, anakulisha, anakushonea na sare ya shule, lakini likija jambo kubwa juu yako anaitwa mjomba. Jina la Baba lilikuwa la daftari la mahudhurio tu. Ukoo ulikuwa wa Mama, na msemaji wake alikuwa kaka yake, Mjomba Kibwana wa Kinole, huko mlimani. Wala msimwonee Baba huruma. Yeye mwenyewe alikuwa mjomba wa watoto saba huko Matombo, na akifika kule alikuwa simba. Nyumbani kwetu Mwembesongo ndipo alipokuwa mgeni mwalikwa.

Mwaka huo nilikuwa darasa la tano, na nafasi yangu darasani ilikuwa ya kuhesabia kutoka chini, tena bila kuhesabu mbali. Mwalimu aliandika kwenye ripoti: "Anaongea kuliko anavyoandika." Habari ikapanda mlima haraka kuliko gari. Ijumaa Mjomba akashuka na mkungu wa ndizi begani na mdalasini kwenye mfuko wa koti, nyumba nzima ikanukia. Tulipokwisha kula akatamka kwamba kesho yake anapanda na mimi Kinole, nikakae na Bibi, maana mji umenipa mdomo badala ya akili.

"Shule iko kule pia," alisema.

Na kweli ilikuwepo, tena nzuri, na Bibi nilimpenda. Kisichokuwepo kilikuwa gazeti.

Mama aliniangalia, akasema, "Umemsikia mjomba wako." Baba akasema, "Tumesikia, shemeji," akaendelea kumenya ndizi. Mimi nililia mpaka Mto Morogoro ukaona wivu.

Asubuhi Baba alinichukua na furushi langu la nguo hadi barazani, nikaage. Mjomba angenipitia baada ya sala ya adhuhuri twende kwenye gari. Kwa hiyo ilikuwa chemshabongo yangu ya mwisho, na ilikuwa ile ya Jumamosi, kubwa kama mkeka. Nilikaa juu ya robota, nikafuta kamasi, Baba akaniambia, "Soma."

"Tatu, kwenda kulia. Mtoto huufuata ukoo wa nani? Herufi nne."

Hawakuinua hata vichwa.

"Mama," walisema wote wawili.

"Hilo wamewawekea watoto wa chekechea," alisema Fundi Mrisho.

Baba akaandika MAMA, kwa wino, kwa zile herufi zake zilizonyooka kama mshono wa kola. Tukaendelea. Siku hiyo tulikuwa moto kweli, majibu yalikuwa yanaanguka kama maembe wakati wa upepo, na ilipokaribia saa sita palibaki kipembe kimoja tu, pale pale chini ya MAMA.

"Tatu, kwenda chini," nilisoma. "Hapo watu huketi wakapiga soga. Herufi sita."

Ilianza na M, ile ya MAMA, na herufi ya tatu ilikuwa R kutoka kwenye neno jingine. Baba alikuna kichwa kwa chaki. Fundi Mrisho akasimamisha cherehani.

"Moroni," alisema.

"Moroni ndiyo nini?"

"Moro. Hapa Moro. Watu hawaketi Moro wakapiga soga? Hesabu hizo herufi, fundi."

Baba akahesabu. Zilikuwa sita. R ilikuwa ya tatu. Kalamu ikashuka mpaka karibu na karatasi, ikasita.

"Mrisho, gazeti hili linasomwa nchi nzima. Mtu wa Mbeya atajuaje?"

"Nani hajui Moro tunapiga soga? Hata huko Mbeya wanatusema."

"Soma la pili," Baba aliniambia.

La pili lilishuka kutoka kwenye ile M nyingine ya MAMA. "Huogelea bwawani wala si samaki. Herufi nne."

"Mamba," alisema Fundi Mrisho.

"Mamba ana herufi tano."

"Mkunje mkia."

Baba hakucheka. Jua lilikuwa limeshapanda juu ya paa, msikitini sala ilikuwa imeshaanza, na mimi nililitazama furushi langu, nikakitazama kile kipembe cheupe, nikaona vyote viwili vinanikatalia. Nikageuza macho juu, kama mtoto asiyetaka machozi yamwagike, na juu palikuwa na kibao cha duka. Kibao hicho nilikisoma mara elfu, labda elfu kumi: KANTI NA WANAWE. Siku hiyo ndipo nilipokisoma mara ya kwanza.

Wanawe. Si wapwa zake.

Nikashuka kwenye robota, nikaingia ndani.

"Shikamoo, Bwana Kanti. Samahani, watoto wako ni wa ukoo gani?"

Alikuwa anapima khanga. "Marahaba. Wa kwangu. Wa nani tena?"

"Si wa mjomba wao?"

"Mjomba wao yuko Dodoma na duka lake, na ana wa kwake," alisema, akanitazama juu ya miwani. "Nani amekutuma?"

Kichwani kwangu dunia ilikuwa inapinduliwa kama shati linalogeuzwa ndani nje. Kumbe wapo watu, tena tunaopakana nao mlango, ambao mtoto kwao anamfuata baba. Kumbe hata mtunga chemshabongo anaweza kuwa mmoja wao. Nikatoka mbio.

"Baba, weka B. Pale kwenye M zote mbili, weka B."

"Itakuwa baba," alisema Baba taratibu.

"Ndiyo. Halafu hapa chini inaanza na B, inakuja R..." Na hapo nikaliona jibu, nimelikanyaga kwa miguu. "Baraza."

"Baraza gani?" aliuliza Fundi Mrisho.

"Hilo ulilokalia."

Alitazama chini, akapapasa sakafu kwa kiganja kama mtu aliyeibiwa.

"Na yule anayeogelea ni bata," nilisema.

Hakuna aliyepata nafasi ya kunisifu. Mjomba Kibwana alikuwa amesimama ngazini, kofia mkononi, anatoka msikitini. Tukamwamkia, akaitikia. Akauliza kuna nini, na Fundi Mrisho, ambaye mdomo wake haukuwahi kupata likizo, akamjibu, "Mtoto huyu anataka tuandike kwamba mtoto ni wa baba."

Nawaambia, hata nzi walitua. Siku gani ya kusema neno hilo, mbele ya mtu gani. Nilijua nimejifungia furushi langu kwa mikono yangu mwenyewe.

Baba alisimama. Alifuta mikono kwenye kipande cha kitambaa, akachukua lile gazeti na ile kalamu, akavishika kwa mikono miwili, akampelekea Mjomba.

"Shemeji," alisema, "gazeti linataka hapa paandikwe BABA, ndipo maneno mengine yakubali kukaa. Sisi tuliandika MAMA. Siwezi kulibadilisha bila wewe kusema."

Mjomba akaketi kwenye baraza. Alivyosoma Mjomba ilikuwa kama anavyopanda mlima, hatua kwa hatua, kidole mbele. Alimaliza swali la tatu, akaniambia nimsomee ya chini, nikamsomea, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu nilisoma kwa sauti ndogo. Alihesabu vyumba. Akaitazama R.

"Nani ameliona kosa?"

"Huyu," alisema Baba. "Mpwa wako."

Mjomba akaweka kidole juu ya MAMA, akakishusha tena chumba kwa chumba.

"Waliotunga haya hawajafika kwetu," alisema mwishowe.

"Hawajafika," Baba aliitikia.

"Basi tusigombane nao. Karatasi haizai. Waandikieni wanachotaka." Akanitazama. "Na wewe ni wetu, gazeti lipende lisipende. Mtoto wetu akiona kitu ambacho mafundi wawili wazima hawakukiona, hatumwondoi mahali anapokionea. Baki. Ila mwakani ukishika mkia tena, nakuja na kamba."

Kisha akaninyooshea kalamu, mimi, si Baba. Nikaichukua. M ukiilaza ubavu na kuifunga mlango inakuwa B, basi nikapitisha wino hivyo juu ya zote mbili. Zilitoka B nene, chafu, zenye kovu, na mpaka leo sijaona B nzuri kama zile. Bwana Kanti alipoyalinganisha na majibu kwenye gazeti lililofuata hakupata pa kucheka, akaubandika ukurasa wetu mlangoni kwa gundi. Nilihakikisha Mwembesongo nzima imepita pale kuusoma, na waliokuwa hawajui kusoma niliwasomea.

Mjomba, kwa haraka ya gari, alipanda na furushi langu. Baba akalazimika kunishonea sare nyingine Jumapili yote, na Fundi Mrisho akaitia vifungo.

Mwaka uliofuata kamba haikuhitajika. Nafasi niliyoshika siitaji, maana nikiitaja nitaongeza. Baadaye maisha yalikata kona: niliishia darasa la saba, nikarithi cherehani, nikazaa, na kidato cha nne nilikuja kukipata kwenye masomo ya jioni, nimekaa dawati moja na kijana ambaye mama yake nilimshonea gauni la ubatizo. Nilifaulu. Cheti nimekitundika, na atakaye kukiona mlango uko wazi, hata asipotaka nitamwonyesha.

Kwa miaka mingi hadithi hii niliisimulia kama hadithi ya akili zangu. Niliona hivyo: mtoto ana kichwa, wakubwa wakanyamaza, kwisha. Nilikuwa mtu mzima, nina mtoto wa kwangu na kaka wa kushauriwa juu yake, ndipo siku moja mkasi ukanisimama katikati ya kitambaa. Nilimwona Baba upya. Adhuhuri ile alikuwa na gazeti mkononi, lililochapishwa, linasomwa nchi nzima, linasema mtoto ni wa baba. Hakuna silaha kubwa kuliko hiyo ambayo mwanamume wa Kiluguru angeweza kuipata mbele ya shemeji yake, na mashahidi wawili wapo. Angelipiga sakafuni, angeshinda neno, na mimi ningepanda gari mchana ule ule. Yeye akaliombea ruhusa. Akasema "mpwa wako" pale ambapo moyo wake wote, naamini, ulikuwa unasema "mwanangu." Na Mjomba naye, aliyekuja na haki yote ya ukoo nyuma yake, alihitaji kuombwa tu ili awe mkarimu.

Siku ya mahafali yetu ya masomo ya jioni mwalimu wa Kiswahili aliniuliza nani alinifundisha kulitazama swali kwa subira vile. Nilimwambia ni wanaume wawili. Mmoja alikuwa na jibu na hakulitumia, mwingine alikuwa na haki na hakuitumia, na mimi ndiye niliyebaki hapo katikati, nasoma.