Umekula, Mwalimu?

Ofisini tulikuwa wanne: mwalimu mkuu, Mwalimu Kioko, dada yangu Ndinda, na mimi kaka yake niliyemlea tangu tufiwe na wazazi. Sheria inakataza mwalimu kuzungumza faraghani na mwanafunzi mtandaoni, na Kioko, kwa kuhofia kazi yake, alikuwa amemshtaki Ndinda kwamba anamwandikia. Walitaka kumfukuza.

"Hata simu hana!" nikafoka. "Mnatuchosha!"

Kioko akasoma ujumbe polepole: "Mwalimu, umekula? Umeshindaje?"

Ni mimi niliyekuwa nikimsalimia, nikijipanga kuuliza alama za Ndinda. Picha niliyoweka kwenye akaunti yangu ni ya Ndinda akiwa amevaa sare yake, kwa kujivunia.

"Hiyo namba ni yangu," nikasema.

Ndinda akanigeukia. "Kaka, nimefyeka nyasi ya shule wiki nzima kwa adhabu ya jumbe zako. Utanilipa na nini?"