Foleni ya Bitutu

Bitutu alikuja ofisini kwetu Homa Bay mwaka wa tisini na sita, mjane kutoka Kisii, Msabato kweli kweli, mwenye watoto wawili na maneno machache. Mimi Millicent nilikuwa nimepiga chapa pale miaka kumi na minne, na maneno yangu si machache. Nilimpenda bure tu.

Katika ofisi ile ya ushirika wa pamba tulikuwa wapiga chapa sita. Bitutu akawa wa saba, kibarua. Siku moja meneja, Bwana Cephas, akampeleka Kisumu wiki mbili kusomea kompyuta. Aliporudi akapewa kazi ya kuunganisha kompyuta zote na seva, ile kompyuta kuu, ili ofisi nzima itumie printa moja, iliyowekwa chumbani kwetu.

"Ukimaliza hiyo, nitakuajiri rasmi," meneja alimwahidi. Karo ya watoto wake ilitegemea neno hilo.

Alihangaika mwezi mzima. Alipitisha nyaya chini ya meza, akaandika jina la kila mtumiaji, akajaribu, mashine ikakataa, akaanza upya. Nami nikaanza kuona mambo nisiyoyapenda. Mashine ya chapa ya mwenzetu Rispa ilichukuliwa, ati inaenda kutengenezwa. Ya Nyangi ikafuata. Hazikurudi.

"Wee mama," nikamwambia, "dalili ya mvua ni mawingu. Hii kitu yako itatumeza."

Akacheka. "Millicent, acha uoga. Bado itahitaji watu."

Siku ya mafunzo alitueleza foleni. "Ukituma barua na printa imezimwa, haipotei. Inangoja kwenye seva. Ukituma mara saba, zinangoja saba."

Bwana Cephas alikuwa ameshainuka. "Foleni ni ya wanawake kwenye mashine ya kusaga," akasema, akatoka.

Ijumaa, kabla jua halijatua, Bitutu alizima printa, akaifunika kwa kitambaa chake cha kufuma, akaenda kuianza Sabato. Jumamosi chumba chetu hakikuwa na mtu, maana sote tulikuwa Wasabato. Meneja alilijua hilo vizuri.

Jumatatu asubuhi Bitutu aliiwasha. Printa ikaanza kunguruma yenyewe, hakuna aliyetuma kitu. Akavuta karatasi, akaisoma mara mbili. Nikamnyang'anya.

Ilikuwa barua ya Bwana Cephas kwa mwenyekiti, tarehe ya Jumamosi. Wapiga chapa wote sita waachishwe kazi mwisho wa mwezi, wasiambiwe mapema. Chini yake: "Bitutu abaki mpaka amfundishe mpwa wangu Jacktone, kisha naye aende."

Nyasaye, Mungu wangu! Nilitaka kuvunja kitu. Bitutu alikaa tu kitini.

"Mashine hii nimeiunganisha kwa mikono yangu mwenyewe," akasema. "Millicent, nitawaambia nini watoto?"

Nakala ya pili ikatoka, Rispa akaichukua. Ya tatu, Nyangi.

Mlango ukafunguka. Bwana Cephas aliingia akitabasamu, kijana mwenye tai nyuma yake. "Bitutu, huyu ni Jacktone. Mfundishe kila kitu."

Akaona karatasi mikononi mwetu, akaona nyingine ikitoka, tabasamu likamkauka.

"Zima hiyo kitu! Zima!"

Bitutu akainuka, akajifuta macho kwa kile kitambaa chake.

"Nikizima, mzee, haipotei," akasema. "Inangoja tu. Ulituma ngapi?"