Nilivyowachagua Wenye Msalaba Mwekundu

Aibu yangu imeshafika Louisville na Columbus, kote huku Marekani waliko ndugu zetu, kwa hiyo hapa Buffalo sina cha kuficha, afadhali mnisikie mimi mwenyewe kuliko kuisikia kwa akina mama wa kwaya wanaoongeza chumvi.

Mjukuu wangu Neema, ninayeishi naye hapa mtaa wa Black Rock, anacheza na binamu zake ligi ya besiboli ya kwenye simu. Kila mmoja anajichagulia wachezaji wa kweli, hawahawa wa kwenye televisheni, na mchezaji akipiga mpira vizuri huko uwanjani, aliyemchagua anapata pointi huku amekaa kwake anakula wali. Neema ndiye msichana pekee humo. Alikuwa ameshika mkia, wakamwambia akiwa wa mwisho tena kiti chake anapewa kijana mmoja wa kanisani. Safari hii kura ikamwangukia yeye achague wa kwanza kabisa, mbele ya wote. Wiki nzima aliosha vyombo akiimba.

Jumapili yenyewe ya kuchagua, gari likamgomea kazini, huko ghalani. Akanipigia: "Bibi, tableti iko mezani, iache wazi tu. Nikichelewa itachagua yenyewe. Usiguse kitu."

Itachagua yenyewe. Yaani mimi mtu mzima nimekaa pale, halafu kioo ndicho kimchagulie mjukuu wangu? Nikavaa miwani.

Ngoja niwaambie nilivyokuwa. Nilikuwa nimetoka ibadani, nimeshiba, nje theluji inaanguka polepole kama haina pa kwenda, na televisheni inaonyesha uwanja wa mji fulani wenye joto, majani mabichi, wanaume wamevaa nyeupe wamesimama mbalimbali hawafanyi kitu (mchezo huu watu husimama sana), wamesimama kama wanaosubiri kubatizwa, nami nikawa nusu nimelala nusu niko macho, nikamwona marehemu mume wangu katikati yao, naye kavaa nyeupe, anatazama juu kama anangoja kitu kishuke. Sikushtuka. Niliona ni sawa tu awe pale.

Tableti ikalia. Desire, mjukuu wa kiume wa dada yangu, anayeishi Louisville, mkubwa wa hiyo ligi yao, akatokea kwenye kioo.

"Bibi, Neema yuko wapi? Ni zamu yake."

"Yuko njiani. Nachagua mimi."

Majina yakawa yanapita. Shule niliacha darasa la pili, Biblia naisoma kwa kidole, na majina ya Kizungu yananitega ulimi. Lakini pembeni ya baadhi ya majina niliona msalaba mdogo mwekundu. Kule kambini Tanzania, tulipokuwa wakimbizi, msalaba kama ule ulikuwa kwenye hema la dawa, ukiuona unajua mtoto wako atapona. Nikasema moyoni, hawa wametiwa alama. Nikambonyeza mmoja.

"Bibi, una uhakika?" Huyo ni Eliya, mdogo wake Desire, aliyeko Columbus.

"Nina uhakika kuliko wewe na huyo mke unayemtafuta kila mwaka."

Wakazima sauti zao. Zamu ikazunguka, ikaturudia mara mbili mfululizo, ndivyo kanuni yao ilivyo, nikabonyeza wenye misalaba wengine wawili, nikawatangazia kwamba hawa wamepakwa mafuta, nikaanzisha na pambio. Niliona mabega yao yanatikisika, Desire kafunika uso kwa mikono, nikadhani wameguswa na Roho. Nikaongeza sauti. Eliya akawaita watu wa nyumbani kwake waje waone, mama mchungaji aliyekuja kuwatembelea akiwemo, nami nikampungia mkono.

Neema akaingia na buti za kazini. Akatazama kioo, akakaa chini bila kuvua koti.

"Bibi, huo msalaba ni wa hospitali. Hawa ni majeruhi."

"Wote?"

"Huyu kavunjika mkono. Huyu goti. Huyu kapasuliwa bega, hachezi mpaka mwakani."

Hapo ndipo walipofungua sauti, nikasikia nyumba nzima ya Columbus inacheka, mama mchungaji anacheka mpaka anakohoa.

"Desire," nikasema, "mikono hii ndiyo iliyokupokea ulipozaliwa. Rudisha hao watu."

"Bibi, kilichobonyezwa kimebonyezwa. Tulikubaliana wote."

"Mimi sikukubaliana na mtu."

"Wewe hata kwenye ligi humo, Bibi."

"Usiwaombe," Neema akaniambia. Akachagua waliobaki. Heri angenifokea.

Majira yote ya joto niliombea goti la mtu nisiyemjua. Nililiombea jikoni, nililiombea kwenye basi. Goti halikupona. Neema akawa wa mwisho, kiti kikaenda.

Theluji ya mwaka uliofuata ilipokaribia kuisha, yule kijana akachoka na mchezo, Desire akapiga simu siku yenyewe ya kuchagua. "Dada, rudi. Sharti moja tu, Bibi achague wa kwanza." Wakacheka wote. Neema hakucheka, alinitazama mimi.

Nikachukua koti, nikamwachia tableti, nikatoka kibarazani, nikafunga mlango mwenyewe. Kwenye dirisha nilimwona ameinama, midomo inacheza, kidole kimening'inia hewani muda mrefu, kisha kikashuka taratibu. Baridi iling'ata masikio nami sikubisha hodi, nikangoja mpaka alipokuja kunifungulia. Alimchagua nani sijamwuliza, na naapa mbele yenu, sitamwuliza.