Kupima Uraibu wa Redio Nyakakika

Ofisi yetu ya vijana mjini Bukoba iligundua janga: watoto wanasikiliza redio kupita kiasi. Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini, wakimbizi wamejaa mpakani, lakini sisi tuliona tuanze na redio. Mkuu wangu alinikabidhi dodoso la maswali kumi nikapime uraibu wilayani Karagwe. "Atakayejibu ndiyo zaidi ya mara saba," aliagiza, akipunguza sauti ya redio yake ili nimsikie, "mzazi aambiwe aifungie redio."

Jumatatu alfajiri nilipanda lori la chumvi. Tulivuka daraja la Kyaka, tukapanda milima, na saa tisa mchana nilishuka Nyakahanga nikiwa mwekundu kwa vumbi kama tofali la kuchoma.

Kesho yake niliazima baiskeli kwenda Nyakakika. Kwa vilima vile, mara nyingi mimi ndiye niliyeibeba.

Huko mwenyeji wangu alikuwa Mzee Faustini, mkulima aliyehamia kutoka Rwanda tangu ujana wake. Alinikaribisha ndizi na maharage, kisha akasema, "Bwana afisa, mgonjwa wako ninaye hapa." Akamwita Speransia, mtoto wa marehemu kaka yake, miaka kumi na sita, aliyevuka mpaka mwaka uliopita.

"Shikamoo."

"Marahaba. Ukikosa redio unahangaika?"

"Ndiyo."

"Umewahi kuharibu kazi kwa sababu ya redio?"

"Ndiyo. Juzi maharage yaliungua."

"Umewahi kudanganya ili usikilize?"

"Ndiyo. Nilisema naenda kuteka maji."

Alipata kumi kwa kumi. Sioni haya kukiri kwamba nilifurahi. Mtaalamu hapati mgonjwa kamili namna ile kila siku.

"Nilijua," alisema Mzee Faustini. "Leo naifungia sandukuni."

Binti hakulia. Aliniangalia. "Afisa, hujaniuliza nasikiliza nini."

Kweli, dodoso halikuona haja. Nikamuuliza.

"Majina. Kila jioni wanasoma majina ya watu wanaotafuta ndugu zao. Mama tulipotezana njiani. Nikikosa siku moja, huenda ndiyo siku yenyewe."

"Mbona hukuniambia?" aliuliza mzee.

"Baba mdogo, ulisema nisimtaje tena, nizoee."

Mzee aliinamisha kichwa. Saa ya majina, yeye huwa kwa jirani anakunywa rubisi, pombe ya ndizi.

Nilifungua dodoso, nikajumlisha upya kwa uso wa kitaalamu kabisa. "Mzee, kipimo kinasema redio isifungiwe. Tena anahitajika msikilizaji wa pili, jina lisije likapita."

Jioni ile mzee hakwenda kwenye rubisi. Walikaa wawili, vichwa vimegusana juu ya redio. Jina halikusomwa. Mzee aliizima taratibu. "Kesho tena," alisema.

Alhamisi nilirudi Bukoba. Niliripoti kwamba mraibu nimempata na tiba nimempa, na mkuu akaisifu ofisi. Nilichojifunza ni kwamba nilipeleka maswali kumi Nyakakika, na la maana nikafundishwa na mgonjwa.

Tangu hapo kila jioni ninafungua redio yangu, jina la mama yake Speransia nimeliandika mbele yangu. Mke wangu analalamika chakula kinapoa. Kinyarwanda sikijui, lakini jina nitalisikia.