Kiti cha Tarumbeta ya Tatu

Mtaani walimwita Mama Mapazia, na jina lake la shuleni lilikuwa limebaki kwa mumewe tu, ambaye naye alilitumia siku za ugomvi. Alishona mapazia ya nyumba, ya ofisi na ya zahanati, na mwaka ule akapata kazi iliyomvimbisha kichwa kidogo: pazia la jukwaa la ukumbi wa muziki, zito, jekundu, refu kuliko kitu chochote kilichowahi kupita chini ya sindano ya cherehani yake.

Alikuwa juu ya ngazi akivisha pete za pazia kwenye bomba, bendi kubwa ya ukumbi ilipoanza mazoezi. Saksafoni zilikaa mbele, tromboni nyuma yake, na tarumbeta juu kabisa kwenye ubao ulioinuliwa, karibu na miguu yake. Ukiacha kimoja cha nyuma kilichorundikwa makoti, viti vya tarumbeta vilikuwa vitatu, na kati ya hivyo kimoja kilikuwa kitupu. Mwenyewe alikuwa ameng'olewa jino la mbele, na mpiga tarumbeta asiye na jino la mbele ni kama kinyozi asiye na wembe.

Mama Mapazia alilisikia lile pengo. Lilimkera kama pindo lililofumuka. Kila tarumbeta zilipotakiwa kuitikia, sauti ya chini haikuwepo, na zile mbili zilizobaki zikawa zinaelea tu. Basi yeye, pete mkononi, akaanza kuijaza ile sauti kwa kuimba puani. Hakujua kwamba anaimba mpaka bendi iliposimama ghafla naye akaendelea peke yake.

Mpiga tarumbeta wa kwanza akainua kichwa. Alikuwa mzee mwembamba mwenye jino moja la dhahabu, ndiyo maana bendi nzima ilimwita Dhahabu.

"Dada uliye huko juu, sauti hiyo umeitoa wapi?"

"Samahani, mzee wangu. Imenitoka tu."

"Haitoki tu hiyo. Hiyo ndiyo tarumbeta ya tatu, na tangu asubuhi naitafuta. Wewe unapiga nini?"

Hapo angeweza kujibu "cherehani" na mambo yakaishia papo hapo. Lakini kuna maneno hukaa kooni miaka mingi yakisubiri mtu aulize.

"Tarumbeta," akasema. "Yaani, nilikuwa napiga. Shuleni, halafu kwenye kikundi cha matarumbeta ya harusi, kabla sijaolewa."

Kiongozi wa bendi, jitu la mtu lenye taulo shingoni, akacheka, ila si kwa dharau. "Basi Mungu katuletea mtu kwa njia ya dari! Jumapili ya wiki ijayo tuna dansi la mchana, na jino halioti kwa maombi. Chukua noti za nyimbo zetu, ukajiandae, uje mazoezini Jumatano tukusikie."

"Nitakuja," akasema, akashuka ngazi kuzichukua noti.

Tarumbeta ilikuwa juu ya kabati chumbani, ndani ya sanduku lake, chini ya mabegi na blanketi la wageni. Kibonye cha katikati kilikuwa kimekwama. Akakidondoshea mafuta ya cherehani, akakibembeleza kwa kidole mpaka kikalegea. Akaipangusa, akajiweka sawa, akavuta pumzi, akapuliza. Ikatoka sauti kama ya ng'ombe aliyekanyagwa mkia.

Mumewe, mwoka mikate, ambaye hulala mchana kwa sababu huamka kabla ya majogoo, akaruka kitandani.

"Nani amekufa?"

"Hajafa mtu. Najiandaa kupiga na bendi kubwa."

Alipomweleza yote, mume alicheka mpaka akajifuta machozi kwa shuka. "Mke wangu na bendi kubwa! Basi puliza, mama, puliza. Nikikosa usingizi nitakanda unga huku nasinzia."

Aliyemwogopa hasa ni mama mkwe. Bibi yule alikaa nao, na kwa miaka michache masikio yalikuwa yamemwacha taratibu. Kuzungumza naye kulihitaji kuinama na kupaza sauti, na yeye mwenyewe alikuwa amechoka kuitikia kwa kichwa mambo asiyoyasikia. Siku hizi alimaliza chakula akarudi chumbani kwake, akafunga mlango. Sasa mlango ule ukafunguka, na fimbo ikaja ikigonga sakafu.

"Nisamehe, mama, nimekusumbua," akasema Mama Mapazia, akiificha tarumbeta mgongoni kama mtoto.

"Unasemaje?"

"Nimekusumbua!"

"Hayo ya mdomo siyasikii. Hicho chombo ndicho nakisikia. Hebu puliza tena."

Akapuliza, safari hii sauti moja ndefu, yenye makwaruzo kidogo lakini iliyonyooka. Bibi akajikalisha polepole juu ya majora ya vitambaa. Uso ukamfunguka. Akajiwekea kiganja kifuani.

"Kinafika," akasema. "Kinafika mpaka hapa."

Tangu siku ile Mama Mapazia akawa na msimamizi. Kila alasiri, duka lake la mapazia likifungwa tu, sauti ilisikika kutoka sebuleni: "Mkwe! Kazi!" Bibi alikaa mbele kabisa ya mdomo wa tarumbeta, mahali ambapo mtu mwenye masikio mazima asingestahimili, na hakuruhusu utani. Ukianza na wimbo kabla ya zile sauti ndefu za kufungua midomo, fimbo ilipanda juu. Midomo yenyewe ilivimba. Mume alirudi kutoka kazini akamtazama, akauliza kwa huruma kama amewasamehe nyuki waliomfanyia vile.

Noti alizibandika ukutani juu ya cherehani. Wakati wa kushona aliziimba kwa kufuata mwendo wa pedali, na ndipo ugonjwa wake ulipojitokeza: palipokuwa patamu alikimbia, kama anavyokimbiza sindano kwenye mshono ulionyooka. Akiwa na tarumbeta alifanya vilevile, na fimbo iligonga sakafuni, ko, ko, ko, ikimrudisha nyuma.

"Unakimbia nini? Nani anakufukuza?"

Jumatano ikafika. Alivaa vizuri, akaingia ukumbini, akakaa kwenye kiti cha tatu huku kijasho chembamba kikimtiririka. Kiongozi akahesabu, bendi ikaingia kwenye wimbo, na zamu ya tarumbeta ilipofika, Mama Mapazia alijikaza akapuliza kama alivyozoea barabarani zamani, pale kazi ya tarumbeta ilipokuwa kuwatoa watu majumbani.

Kiongozi akainua mkono, bendi ikasimama.

"Tarumbeta ya tatu," akasema, "bwana harusi ameshafika. Huna haja ya kumwita."

Bendi nzima ikaangua kicheko. Mama Mapazia alitamani ardhi ipasuke immeze. Dhahabu akamwinamia sikioni.

"Unajisikiliza mwenyewe. Nisikilize mimi. Mimi ndiye koti, wewe ndiye bitana. Bitana haionekani, dada, lakini wewe fundi unajua koti lisilo na bitana linavyokaa."

Alilijua hilo vizuri mno. Wimbo ulipoanza tena, alishusha pumzi, akaacha kutafuta sauti yake, akatafuta ya mzee, akajitandaza chini yake. Sauti zile tatu zikashikana. Hazikuwa tena tatu. Zilikuwa kitu kimoja kipana, na alikisikia kikitetemeka kwenye mbao za kiti. Vinyweleo vikamsimama. Nusura aache kupuliza ili apate kusikiliza. Kiongozi akaendelea na wimbo mwingine.

"Hajasema kitu," akanong'ona kwa wasiwasi.

"Ndivyo anavyosifu," akajibu Dhahabu.

Jumapili bibi alivaa kabla ya wote, akawangoja mlangoni na mkoba kwapani. Ukumbini alikataa meza za nyuma, akataka kiti cha mbele kabisa, chini ya jukwaa. Mume akamkalisha, akaketi pembeni yake kwa suti iliyombana, akipunga mkono kila mkewe alipotazama upande ule, mpaka Dhahabu akauliza, "Yule ni mumeo au anaita teksi?"

Watu walicheza tangu wimbo wa kwanza. Mama Mapazia alishika njia yake: hakukimbia, hakuita bwana harusi. Kisha ukaja wimbo ambao shaba zote huinuka pamoja, tarumbeta na tromboni, na pale zilipofunguka alimwona mama mkwe akisimama. Bibi aliiegemeza fimbo kwenye kiti. Akasogea mpaka chini kabisa ya tarumbeta, akafumba macho, akaanza kucheza. Alicheza kidogo, mabega na viganja tu, lakini alikuwa ndani ya mdundo barabara, hakupitwa hata na pigo moja.

Wachezaji wakampisha, wakafanya duara. Kiongozi alimtazama, akatazama kundi lake, akazungusha kidole hewani: turudieni. Wakarudia. Akazungusha tena.

Huwezi kulia na kupuliza tarumbeta kwa wakati mmoja, midomo inakataa. Kucheka pia huwezi. Mama Mapazia alitaka vyote viwili, na hakupata hata kimoja, kwa hiyo vyote vikaingia kwenye ile sauti ya chini, naye akaibana pale pale ilipotakiwa kuwa, chini ya Dhahabu, mpaka mwisho.

Makofi yalipotulia, kiongozi aliteremka jukwaani na taulo lake, akainama hadi sikioni mwa bibi.

"MAMA! UMEFURAHI?"

Bibi akarudi nyuma. "Unanipigia kelele ya nini, mwanangu? Kwani mimi kiziwi?"

Ukumbi ukacheka, na mume akacheka kuliko wote.

Juu jukwaani Dhahabu alikuwa anafuta tarumbeta yake kwa leso. "Mwenzetu atarudi na jino la kubandika," akasema bila kumtazama Mama Mapazia. "Ila kuna kiti cha nne pale nyuma, tunaweka makoti tu. Na nyimbo nyingi zina noti za tarumbeta ya nne. Hakuna anayezipiga."

"Mazoezi ni lini?"

"Jumatano."

Mama Mapazia akainuka, akayachukua yale makoti mikononi, akaanza kutafuta mahali pengine pa kuyaweka.