Tochi Niliyomnunulia Mama

Mama alikuwa akisema kwamba jioni za ukungu marehemu baba huja kukaa juu ya kaburi lake, kwenye migomba nyuma ya nyumba. Nilitaka aache kuamini hivyo, nikaenda madukani mtaa wa Bagamoyo, hapahapa Tukuyu, kutafuta tochi kali. Muuzaji alinitolea moja ya kuchaji, ndogo kama kidole gumba.

"Dogo, ukiwasha hii, wachawi wanakuomba radhi."

Niliijaribu chini ya meza yake. Ilionyesha hata uzi wa buibui. Nikaichukua.

Jioni hiyo manyunyu yalikuwa hayajakatika tangu mchana. Nilimshika mama mkono mpaka kaburini, nikawasha.

"Unaona, mama? Hakuna mtu."

Kila kitu kiling'aa kwa maji: majani, udongo, sementi ya kaburi. Ila katikati ya sementi palikuwa na sehemu kavu, ya kumtosha mtu mzima kukaa. Nikamulika juu, nikitafuta jani lililoikinga. Palikuwa na ukungu mtupu.

"Zima, mwanangu," mama alininong'oneza. "Unamuumiza macho."

Nilizima.