Glavu za Vidole Vitatu

Zamani mzamiaji wa Kilifi aliingia baharini na mikono yake mitupu, nayo ikamlisha. Siku hizi huanzia dukani, kuchagua ngozi ya mpira ya kufunika ile aliyopewa na Mungu.

Lewa aliyasema hayo mlangoni mwa duka la vifaa vya kuzamia la Bi Zahabiya, Malindi, kwa sauti ya kumfikia kila mpita njia. Bintiye Easter akacheka tu. Easter na mumewe Tevin walikuwa wamepata kazi Norwe, kuzamia vizimba vya samaki na kushona nyavu zilizochanika. Maji ya huko ni baridi, na kila mzamiaji huja na glavu zake. Tevin alikwisha kupata zake. Easter alimngoja baba yake amchagulie, kwa maana hakutaka kuondoka bila radhi yake. Lewa alilijua hilo, na akalishikilia: pasipo glavu, hapana safari.

Yeye alizamia kamba-koche maisha yake yote, akipenyeza vidole mwambani na kutambua kwa kugusa tu kama aliyemo ni kamba au mkunga, yule samaki-nyoka mwenye meno. Enzi hizo watu walizama wawili wawili, mkono kwa mkono, kwani mvua zikinyesha maji ya hori la bahari huwa matope matupu. Walisemezana kwa kubinyana. Binyo moja, nipo. Mawili, twende juu. Easter alifundishwa hivyo tangu utotoni. Leo nani anambinya nani? Kila mmoja ana saa kubwa ya kumwambia apande lini, na mwenzake akifa, atajua akishafika juu.

Bi Zahabiya akaweka jozi mbili mezani. Moja nyembamba, yenye kubana. Ya pili nene, mfano wa gando la kaa: gumba peke yake, kidole cha shahada peke yake, na vitatu vilivyobaki vimelala chumba kimoja.

Easter akavaa nyembamba. Lewa akambinya. Naye akabinya.

"Umesikia? Sasa vaa hayo magando."

Akambinya tena, kwa nguvu zake zote. Easter akamtazama, akingoja.

"Baba, umeshaanza?"

Bi Zahabiya akaangua kicheko. "Lakini mzee Lewa, inayobana hivyo huzuia damu. Damu isipopita, baridi hula vidole."

"Baridi humla mwenye kuiogopa!"

"Baridi gani unayoijua wewe, baba? Ile ya Julai, ukijifunika shuka mbili?"

Lewa akazinyakua jozi zote mbili, akaongoza njia hadi kwa Thoya, muuza samaki jirani, penye pipa la maji na barafu. Bi Zahabiya akawa anapiga kelele nyuma kwamba glavu zake zitanuka vibua. Lewa hakusikia. Alitumai pipa lile litamshinda binti, na mambo yaishie pale.

"Tia mikono."

"Wewe kwanza, baba."

Akajipachika zile nyembamba, akatumbukiza mikono, akauma meno. Alipoitoa, Easter akampa mkanda wa kuzamia aliotoka nao dukani, aufungue. Vidole vikakataa. Aliviona vikipapasa kifungo kama vya mtu mwingine.

Easter akavaa magando, akatia mikono pipani, akakaa anamtania Thoya juu ya changu wake waliolala. Alipoitoa, akaufungua mkanda mara moja.

"Mzee, mwana amekupiga mweleka," Thoya akasema.

Lewa alirudi dukani akipulizia vidole vyake, akamwambia Bi Zahabiya, "Mfungie hizo nene." Basi.

Ni mwaka wa nne huu, na Easter na mumewe hawajarudi hata kwa matanga ya shangazi yake Easter. Mara ya mwisho aliwaona uwanja wa ndege wa Malindi, yeye akiwa amesimama nje ya uzio. Tevin alitangulia na mabegi. Easter alivaa koti zito katika jua lile, watu wakimcheka. Karibu na ngazi ya ndege akageuka, akapaza sauti, akasema neno refu. Injini zikalimeza. Lewa akatikisa kichwa kuitikia, kama aliyesikia.